Uga wa Delfina

Ramani yangu ilisema radi imepiga zizini kwake,
saa tisa na dakika sita alasiri, Magdalena, New Mexico.
Nukta moja nyekundu, haina hata haya.
Kesho yake Delfina Archuleta aliniletea karatasi ile
imekunjwa mara nne, ina alama ya kikombe.
"Hapa hapakupigwa kitu," alisema.
"Kondoo kumi na saba, wote wazima. Nimewahesabu mara mbili.
Kilichopigwa ni msonobari wa ukingoni. Nenda kanuse."

Tulikwenda.
Mti ulikuwa umepasuliwa toka utosini hadi shinani,
maganda yametupwa hatua ishirini,
utomvu unanuka kama dawa ya kikohozi.
Nikapima hadi zizini: mita mia sita.
Nuru hulimaliza pengo hilo kwa mikrosekunde mbili,
na mimi, mwenye antena nne na saa zisizokosea,
nilikosea kwa hizo mbili.

Usiku niliifungua hesabu yangu nikaona iliponidanganya.
Ilidhani nchi yote ni tambarare,
kwamba wimbi la radi huteleza juu yake
kama sahani juu ya meza.
Kumbe wimbi hili hutambaa. Hushika ngozi ya ardhi,
hupanda mgongo, hushuka korongo, hupanda tena,
na kila bonde hulitoza ushuru wa njia.
Kileleni uga wa umeme hubanana,
mistari yake inasukumana kama watu mlangoni
mvua inapoanza.
Antena ya kule juu huchora mwiba.
Ile iliyo nyuma ya mlima, upande wa kivuli,
huchora mgongo wa kondoo:
makali yameliwa na mwamba mkavu,
limebaki wimbi butu, lililochelewa, kama linaomba radhi.

Tulifundishwa kwamba milima haikutani.
Sawa. Haikutani.
Ila radi moja ikianguka
yote hutia sahihi ndani ya wimbi lile lile,
mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi nilimpelekea habari. Nilidhani atafurahi.
Alikuwa anakwangua kwato za kondoo, hakuinua kichwa.
"Kwa hiyo mlima huisogeza radi."
Si radi, nikasema. Habari yake tu.
"Kwa hiyo huisogeza habari."
Ndiyo.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kampuni ya bima,
ya miaka mitatu nyuma.
Kondoo sita, na dume lake aliyeitwa Cipriano,
walikutwa wameegemea waya, miguu imekakamaa.
Kampuni ilijibu kwa mistari miwili:
kwa mujibu wa ramani, radi ya siku ile ilianguka korongoni,
nje ya mipaka yake.

Ramani ile niliichora mimi.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Uga: neno letu hili lina nyuso mbili.
Upo ule ninaoupima, volti kwa kila mita,
na upo huu, wenye samadi na madimbwi,
ambamo mtu husimama akakuangalia usoni.
Miaka kumi na moja nilikuwa naujua mmoja tu.

"Andika," alisema.
Nikaandika, kalamu ikikwama kwenye karatasi yenye unyevu:
*Mimi, fundi wa antena, nathibitisha kwamba
katika hesabu ya tarehe iliyotajwa
mlima haukuwekwa. Mlima ulikuwepo.*

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.
Sijui kama watamlipa.
Kusini wingu lilikwisha kuanza kujenga ghorofa zake.
"Mtie Cipriano," akasema. "Kwa jina."
Nikamtia.